Tiba ya misuli ya nyonga: Nani atashika chaki?

Na Mwandishi Wetu

MWANAMKE anayevuka mpaka kila siku akiwa na kiroba cha unga kichwani ana hesabu nyingi za kufanya. Kuna ushuru, kuna bei ya leo, kuna fedha ya upande wa pili imepanda au imeshuka, na kuna saa ya kufungwa kwa geti.

Lakini wapo wanaoongeza hesabu nyingine ambayo hawamwambii mtu. Choo cha karibu kiko wapi? Kipande cha kanga cha kubadilisha kipo? Nikikohoa nikiwa katikati ya foleni itakuwaje?

Hao ni akina mama ambao mkojo huwatoka bila kutaka wanapoinua mzigo, wanapokohoa, wanapopiga chafya au hata wanapocheka. Wengi wao tatizo liliwaanza walipojifungua. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 3 hupatwa na hali hiyo katika miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa baadhi huisha yenyewe, lakini wengine huishi nayo kwa miaka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ajabu ni kwamba hawa walikwisha kuzaa, na ni baada ya kuzaa ndipo wanapoanza kuficha. Akijikaza akaenda zahanati, mara nyingi mama huambiwa kwamba hayo ni mambo ya uzazi na yatapita, au hupewa vidonge vya ugonjwa wa njia ya mkojo ambao hana.

Tiba ipo, tena si ya gharama kubwa. Haihitaji mashine wala umeme. Ni mazoezi ya misuli ya nyonga yanayosimamiwa na mtaalamu anayejua anachokifanya. Tatizo ni kwamba mtaalamu huyo ni adimu, na aliye adimu zaidi ni yule wa kumfundisha mtaalamu huyo.

Makala hii inaangalia hatua ambayo haizungumzwi sana katika nchi zetu: mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ndugu zetu wa Congo, Rwanda na Burundi humwita kine, anapotoka chumba cha matibabu na kwenda darasani kuwafundisha wengine tiba ya nyonga.

Kitako cha kikapu

Ili msomaji aelewe kwa nini hatua hiyo ni muhimu, hana budi kwanza kuelewa misuli yenyewe.

Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa mbele hadi kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama kitako cha kikapu. Juu yake vimekaa kibofu cha mkojo, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Kwa mwanamke, kitako hicho kina matundu matatu: la mkojo, la uzazi na la haja kubwa. Misuli hiyo ndiyo inayobeba viungo hivyo, na ndiyo inayosaidia kufunga na kufungua matundu hayo.

Anayeuza nyanya anajua kinachotokea ukili wa kitako cha kikapu unapolegea. Mzigo huanza kushuka. Ndivyo ilivyo mwilini: mkojo huponyoka, upepo hutoka bila hodi, au mama huhisi kitu kinashuka ukeni, hali ambayo wengi huiita kushuka kwa kizazi.

Uchungu wa muda mrefu, mtoto mkubwa na kuchanika wakati wa kujifungua huweza kuidhoofisha misuli hiyo. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku na mizigo mizito inayoinuliwa kwa kubana pumzi huongeza shinikizo kutoka juu. Wanaume nao hawakusalimika, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume, na tiba yao nayo huanza na mazoezi hayo hayo.

Kuambiwa hakutoshi

Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha mwaka 1948 maelezo ya mazoezi ya misuli hiyo, na hadi leo wengi huyaita kwa jina lake. Kwa kuyasikia tu, mazoezi ni mepesi: bana, shikilia, achia. Muuguzi anaweza kuyasema kwa nusu dakika mlangoni mwa wodi huku mama akifunga mizigo ya kurudi nyumbani.

Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1991 kundi la madaktari nchini Marekani lilichapisha utafiti juu ya wanawake 47 waliopewa maelekezo mafupi ya mdomo, kisha wakapimwa. Karibu nusu yao tu ndio waliobana sawasawa. Robo walikuwa wakifanya jambo ambalo lingeweza kuwazidishia tatizo, kwani badala ya kuvuta misuli juu na ndani, walikuwa wakisukuma chini kama mtu aliye chooni.

Mwaka mmoja kabla, nchini Norway, utafiti ulioongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia Kari Bø ulilinganisha makundi mawili ya wanawake. Wote walifundishwa namna ya kubana. Kundi moja likaachwa lifanye mazoezi nyumbani, jingine likafanya nyumbani na pia likakutana na mwalimu kila wiki kwa miezi 6. Waliokuwa na mwalimu walipata nafuu kubwa zaidi.

Fundisho lake ni moja: dawa ya tatizo hili ni kufundishwa. Mgonjwa anafundishwa na mtaalamu, na mtaalamu naye lazima awe amefundishwa na mtu. Ukikata mnyororo huo juu, mama wa chini hapati kitu isipokuwa ile nusu dakika ya mlangoni.

Mkono unajua, mdomo haujui

Wengi hudhani kwamba aliyetibu kwa miaka 15 anaweza kuingia darasani kesho yake asubuhi na kufundisha. Si kweli, na wanaofanya uamuzi huo huligundua jambo hilo mapema.

Mtaalamu mzoefu humpima mama na kwa muda mfupi akajua kwamba misuli ya upande wa kushoto ni dhaifu, kwamba mama anabana makalio badala ya nyonga, na kwamba anabana pumzi. Mwanafunzi aliyesimama pembeni anauliza: umejuaje? Mzoefu anabaki kimya. Mkono wake unajua, lakini mdomo wake haujawahi kuulizwa.

Kazi ya kwanza ya mwalimu mpya basi ni kufumua ujuzi wake, kama fundi cherehani anavyofumua gauni ili mwanagenzi aone mshono ulipopita. Kubana kunagawanywa vipande. Je, misuli inavuta juu au inasukuma chini? Ina nguvu kiasi gani, kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 5? Inaweza kushikilia kwa sekunde ngapi? Inaweza kurudia mara ngapi kabla haijachoka? Ikiambiwa iachie, inaachia?

Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Si kila nyonga ni legevu. Wapo wanawake ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, wanaumia wakati wa tendo la ndoa au mkojo hautoki vizuri. Kumpa mama wa namna hiyo mazoezi ya kubana ni kuongeza kuni kwenye moto. Anahitaji kufundishwa kupumua na kulegeza. Mwanafunzi aliyekariri kwamba tiba ya nyonga ni kubana atamuumiza.

Kazi ya pili ni ya maneno. Vitabu vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mtihani hufanywa kwa lugha hizo. Lakini mgonjwa hatasema kwa lugha ya kitabu. Atasema mkojo unaniponyoka, au sijizuii, au kuna nyama inashuka. Mwingine atasema mgongo unauma, akisubiri kuona kama huyu aliyevaa koti jeupe anastahili kuambiwa lililo chini ya mgongo.

Mwalimu lazima awazoeze wanafunzi kulitaja neno uke bila kucheka na bila kuinamisha macho, na kuuliza swali la mkojo kama wanavyouliza la homa. Wengine huanza kwa kuwataka wanafunzi waandike majina yote wanayoyajua kwa lugha za nyumbani, ya heshima na yasiyo ya heshima, ili siku mgonjwa akiyatamka yasiwashtue.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: mwanafunzi ajifunzie kwa nani? Katika kozi nyingi za Ulaya na Marekani, wataalamu wanaojifunza hupimana wao kwa wao kwa ridhaa. Kwetu jambo hilo linaweza kuvunja darasa siku ya kwanza. Na mgonjwa maskini aliyekuja kutafuta tiba hawezi kugeuzwa ubao wa kufundishia kwa sababu tu hana nguvu ya kukataa.

Mwalimu mwenye busara huanza na kielelezo cha plastiki au cha kitambaa kilichoshonwa, kisha misuli inayoonekana na kuguswa kwa nje. Mgonjwa huombwa ruhusa kabla mwanafunzi hajaingia chumbani, si baada ya mgonjwa kuvua nguo. Akisema hapana, tiba yake haipungui. Akisema acha katikati, mkono unaondoka hapo hapo. Katika eneo ambalo wanawake wengi walibakwa wakati wa vita, hilo si suala la adabu tu, kwani mwanamke akishikwa kwa nguvu tena kwa jina la tiba, hatarudi.

Goma na Addis Ababa

Wapo waliokwisha kupita njia hii. Katika Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, mashariki mwa Congo, uliendeshwa mpango wa kuingiza fiziotherapia katika matibabu ya wanawake wenye fistula, yaani tundu linalotokea kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo na uke. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kimataifa la wataalamu wa magonjwa ya wanawake. Hakuna hospitali inayoweza kuendesha mpango wa namna hiyo bila kwanza kuwafundisha watu wake wenyewe wa kuufanya.

Kwa nini fistula ihitaji mazoezi? Kwa sababu daktari anaweza kuziba tundu likazibika kabisa, na bado mama akaendelea kuvuja kwa kuwa misuli imedhoofika. Aidha, uchungu uliopitiliza huweza kuumiza mishipa ya fahamu, mama akaanza kuburuta mguu. Upasuaji wa tundu hauponyi mguu huo. Mtaalamu wa viungo anahitajika kabla na baada ya upasuaji.

Mfano mwingine uko Ethiopia, japokuwa ni wa upasuaji. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifika huko mwaka 1959 na kufungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo, Mamitu Gashe, alikuwa msichana wa kijijini asiyejua kusoma. Baada ya kutibiwa alibaki akisaidia kazi hospitalini, akajifunza upasuaji kwa kutazama na kufanya, hadi akawa anawafundisha madaktari waliotoka nje. Mwaka 2018 shirika la utangazaji la BBC lilimtaja katika orodha yake ya wanawake 100.

Mamitu hakupita chuo cha udaktari, lakini hakuna aliyeuliza kama anaweza kufundisha, kwa kuwa walioketi mbele yake walitoka wakiwa wanajua. Ujuzi wa mikono hupitishwa na mtu aliyekubali kusimama karibu na mwanagenzi na kumwacha ajaribu.

Mshahara na pengo

Hata hivyo, si haki kumtaka mtaalamu aende darasani bila kutaja anachokipoteza. Aliyezoea wagonjwa wa jioni wanaolipa papo kwa papo atajikuta anasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Vyuo vikuu vingi humtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamili, maana yake ni karo na miaka mingine ya kusoma katika umri wa kusomesha watoto. Kuna posho za zamu ambazo mwalimu hapati.

Kuna pia pengo analoliacha. Kama hospitali ya mkoa ina mtaalamu mmoja tu wa nyonga naye akahamia chuoni, nani atawaona akina mama wa Jumatatu? Mkuu wa hospitali akimng'ang'ania, mtu hawezi kumlaumu kirahisi.

Lakini hebu tupige hesabu ya sokoni. Tuseme mtaalamu mmoja anaona akina mama 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hao ni 30. Akitoa siku moja kwa wiki kufundisha, anabaki na 24. Kama kwa mwaka atafundisha wanafunzi 20, na wanne tu kati yao wakaendelea na kazi hii, kila mmoja akiona akina mama 10 kwa wiki, waliopotea 6 wamerudi 40. Mwaka unaofuata hesabu inaanza upya.

Kwa hiyo njia inayofaa si kuhama mzima mzima. Ni kuanza kidogo kidogo: kusimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wodini, kisha kuwafundisha wakunga wa wilaya namna ya kumtambua mgonjwa na kumpa rufaa, kisha kipindi kimoja chuoni, na hata akiwa mkufunzi kamili abaki na siku yake ya kliniki. Mwalimu aliyeacha kabisa kugusa wagonjwa huanza kufundisha kitabu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba fani yenyewe si kongwe. Nchini Marekani, wataalamu wa fiziotherapia wa afya ya wanawake waliunda kitengo chao mwaka 1977 kwa juhudi za Elizabeth Noble. Umoja wao wa kimataifa ulitambuliwa mwaka 1999. Hatujachelewa kiasi cha kukata tamaa.

Faida ya waliorudi

Hapa ndipo watu waliorejea makwao kutoka ughaibuni na uhamishoni wanapokuwa na mtaji ambao hawauhesabu. Yupo aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu, mwingine kwa Kiingereza Uganda au Moshi, na wote wakakulia katika Kiswahili cha sokoni. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, wakufunzi wengi walilazimika kuhamisha masomo yao kutoka lugha moja hadi nyingine. Mtu aliyekwisha kuvuka lugha tatu anajua namna ya kulifikisha neno gumu kwa asiyelijua, na hiyo ni nusu ya ualimu.

Ni kweli kwamba cheti cha nchi moja hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi nchi nyingine bila kusajiliwa. Anayerudi aanze na usajili mapema, na abebe vyeti pamoja na orodha ya masomo aliyosoma, kwani kuvifuata nyuma ni safari nyingine.

Kwa mama mwenyewe anayevuka mipaka, yapo mambo machache ya kushika. Kama mkojo unavuja mfululizo usiku na mchana tangu ujifungue, usipoteze muda na mazoezi. Hiyo huenda ni fistula, nenda hospitali upesi. Ikigunduliwa mapema na ikiwa ndogo, wakati mwingine huziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa fistula atunze karatasi yake ya hospitali kama anavyotunza kitambulisho, kwa sababu mimba ijayo itahitaji kujifungulia hospitali, kwa kawaida kwa upasuaji, na mkunga wa nchi nyingine hawezi kulijua hilo kwa kumtazama.

Kama mkojo unatoka kwa kukohoa au kuinua mzigo, ujanja mmoja unafaa kuujua leo: bana kabla. Vuta misuli ya chini juu na ndani kama unayezuia upepo, ndipo ukohoe au uinue, na utoe pumzi wakati wa kuinua badala ya kuibana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake waliojifunza ujanja huo walipunguza kuvuja wakati wa kukohoa ndani ya wiki moja. Kwa mazoezi kamili, mwongozo wa Uingereza unataka kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3. Atakayekuambia kwamba utapona kwa wiki mbili anakuuzia maneno.

Lakini usiishie kusoma gazeti, kwani tumekwisha kuona kwamba kuambiwa hakutoshi. Vyuo vinavyofundisha fiziotherapia katika ukanda huu viweke somo la nyonga kwenye mtaala kama somo kamili lenye mtihani wa vitendo. Hospitali nazo zikubali kuachia siku moja ya mtaalamu wao na kuihesabu kuwa kazi.

Na mama ukifika kliniki uliza kwa sauti ya kawaida: hapa kuna anayefundisha mazoezi ya nyonga? Ukiambiwa hapana, uliza tena mwezi ujao, na mwambie mwenzako wa kwenye foleni naye aulize. Mwenye duka yeyote wa mpakani anajua kwamba bidhaa isiyoulizwa haiagizwi.